Moshi wa Barabarani Unapimwaje? Hotuba kwa watu wa stendi, Mwanza

Wengi mlikuwa kazini siku ya mkutano na mmeomba maneno yote, si muhtasari. Haya hapa kama yalivyosemwa. Picha za ukutani nimeziacha, hazikuwa na maana kubwa.

Mwangaluka!

Mama lishe wameitika. Madereva, mwangaluka! Haya, sasa nimesikia.

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa chama, masuka na makonda, vijana wa bodaboda na bajaji, wapiga debe, mama lishe, na ninyi wamachinga mnaopanga bidhaa kando ya lami: asanteni kwa kuja. Najua kukaa hapa ni kupoteza tripu, na jioni tajiri anataka hesabu yake, habari za hotuba hazimhusu. Kwa hiyo sitawazungusha.

Pale mlangoni mzee mmoja amenishika mkono. Hata salamu haikumalizika, akaniambia, "Mwalimu, mimi nimekaa kwenye usukani tangu ujana wangu, moshi nimeula wa kila aina, mbona mzima?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana hilo ndilo swali lenyewe. Wenye viwanda na mawakili wao wa bei mbaya wameliuliza hivyohivyo mahakamani na bungeni. Mbona fulani mzima?

Ndugu zangu, swali hilo halijibiwi kwa kumtazama mzee. Wala halijibiwi kwa kumtazama jirani yake aliyeanguka kwa moyo akiwa na miaka hamsini. Mtu mmoja hasemi kitu. Huyu pengine kajaliwa mapafu imara, yule pengine alivuta sigara, mwingine presha ni ya ukoo. Ukitaka kujua moshi unafanya nini, unalinganisha watu wengi na watu wengi, unahesabu miaka na miaka, na unakuwa na subira.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walikuwa na subira hiyo. Miaka ya sabini walichagua miji sita. Mmoja ulikuwa Steubenville, jimbo la Ohio, mji wa viwanda vya chuma. Mwingine Portage, Wisconsin, mji mdogo wenye hewa safi. Wakaandikisha watu wazima zaidi ya 8,000, na kila mmoja akahojiwa. Unavuta sigara? Ngapi kwa siku? Umesoma mpaka wapi? Kazini kwako kuna vumbi? Uzito wako? Wakawafuatilia kwa miaka 14 hadi 16, wakihesabu nani amekufa na amekufa kwa nini, huku mashine zikipima hewa ya kila mji. Matokeo yalitoka Desemba 1993. Baada ya kuitoa sigara na hayo mengine kwenye hesabu, kiwango cha vifo katika mji wenye hewa chafu kuliko yote kilizidi kile cha mji wenye hewa safi kwa asilimia 26.

Asilimia 26! Na Steubenville wazee wazima walikuwepo tele. Ungesimama mlangoni mwao wangekuuliza hilohilo.

Niseme kabisa ili mtu asije akanibana baadaye: moshi wa mji ule ulikuwa wa makaa ya mawe na chuma zaidi kuliko wa magari. Lakini ni utafiti ule uliofanya dunia iziangalie kwa makini zile chembe ndogo tunazoziita PM2.5. Chukua unywele wako mmoja, zipange chembe hizo zikatize upana wake: zitaenea kama 30. Pua haizizuii, koo halizizuii. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya pafu, pale hewa inapokutana na damu. Mwili unapambana nazo, mishipa inaathirika, damu inaganda kwa urahisi. Ndiyo maana wengi moshi unawaua kwa moyo na kiharusi, hata kukohoa hawakukohoa, na msibani hakuna anayeutaja. Injini ya dizeli iliyochoka inazitoa chembe hizo kwa wingi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na sigara.

Mtaniambia: hayo ya viwanda tumesikia, barabara je?

Twendeni London, Oxford Street. Ni mtaa wa maduka, wakati ule ulijaa mabasi na teksi za dizeli. Watafiti walichukua watu wazima 60 wenye pumu, wakawaambia tembeeni hapa kwa muda wa saa mbili. Siku nyingine, watu walewale wakatembea saa mbili Hyde Park, bustani kubwa iliyo jirani. Mmeona ujanja wake? Mtu ni yuleyule, miguu ileile, pumu ileile, kilichobadilika ni hewa. Kabla na baada, kila mmoja alipuliza kwenye kipimo cha mapafu. Waliowahi kupuliza wanajua: unavuta pumzi mpaka mwisho, unaitoa kwa nguvu zako zote, na mpimaji anakupigia kelele "endelea, endelea, endelea!" mpaka macho yanataka kutoka. Kiasi cha hewa mtu anachotoa katika sekunde ya kwanza kilishuka kwa hadi asilimia 6.1 baada ya Oxford Street. Baada ya bustani, 1.9. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2007.

Saa mbili tu hizo. Konda, wewe unayening'inia mlangoni mwa Hiace, kichwa nje, lori liko mbele yako linapandisha mlima, unakaa humo saa ngapi? Mama lishe, meza yako iko hatua tatu kutoka kwenye egzosi ya basi linalopakia huku linanguruma, unakaa hapo saa ngapi? Abiria anapita kwenye moshi. Ninyi mnashinda humo.

Sasa nije kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote, labda kwa sababu nami nimesota sana kwenye kivuko cha Kigongo nikisubiri feri.

Marekani, katika majimbo ya New Jersey na Pennsylvania, kuna barabara za kulipia. Zamani kila gari lilisimama kwenye kibanda, dereva akatoa hela, akapewa chenji, akaondoka. Nyuma yake foleni inanguruma. Ukaja mfumo wa kielektroniki, gari linapita, kifaa kinalisoma, hela inakatwa. Foleni ikayeyuka. Aliyeufunga hakuwa akiwaza afya ya mtu, alitaka magari yapite. Lakini watafiti wawili wa uchumi, Janet Currie na Reed Walker, wakaenda kufukua kumbukumbu za uzazi. Wakawalinganisha akina mama walioishi ndani ya kilomita 2 kutoka kwenye vibanda na akina mama walioishi kando ya barabara hizohizo lakini mbali na vibanda. Matokeo yakatoka 2011: karibu na vibanda, watoto njiti walipungua kwa karibu asilimia 11, na waliozaliwa na uzito mdogo kwa karibu asilimia 12.

Hakuna kidonge kilichogawiwa. Hakuna wodi iliyojengwa. Foleni iliondoka, basi.

Haya, njooni Kigongo. Mnaikumbuka foleni ile? Malori, mabasi ya Geita na Bukoba, magari madogo, wagonjwa wanaokimbizwa hospitali ya Bugando. Kuna waliozima injini, kuna waliokataa kuzima. Tarehe 19 Juni 2025 daraja likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, na foleni ya feri ikawa historia. Sasa fikirini. Zahanati na vituo vya afya vya pande zote mbili, Misungwi na Sengerema, vina vitabu vya MTUHA, vile vya kumbukumbu za huduma za afya. Kila mtoto anayezaliwa pale anaandikwa uzito wake. Wapo wa kabla ya daraja, wapo wa baada ya daraja. Mwenye jicho la utafiti akipita pale anaona hazina imelala kabatini.

Ila asikimbilie kalamu. Foleni ile ilikuwa na moshi, lakini ilikuwa na ugali pia. Waliouza mahindi ya kuchoma, karanga, maji, samaki wa kukaanga, wateja wao walikuwa ndani ya foleni. Daraja limeondoa moshi, na wateja likawapitisha kwa kasi ya themanini. Mjamzito aliyekuwa akiuza mahindi pale, leo anakula nini? Hewa yake imekuwa safi na sahani yake imepungua. Ukipima mtoto wake ukakuta uzito haukubadilika, utasema moshi hauna neno? Utakuwa umedanganyika. Mambo mawili yamevutana, yamefutana. Na hilo mtafiti hataliona kwenye kompyuta, ataambiwa na muuza mahindi. Ndiyo maana nasema, na nitarudia kusema: mtafiti ambaye hajaketi na watu wa barabarani atapima vizuri na kuelewa vibaya.

Tena msidhani wakubwa hawakosei. Mwaka 1996 Atlanta, Marekani, waliandaa Olimpiki. Jiji likapunguza magari. Miaka michache baadaye ukatoka utafiti uliosema kwamba wakati wa michezo hewa ilisafika na dharura za pumu kwa watoto zikashuka sana. Dunia nzima ikaunukuu. Ilipofika 2010 watafiti wengine wakarudia hesabu. Wakakuta siku zilezile hewa ilisafika hata kwenye miji mingine ya ukanda ule, ambayo haikuwa na Olimpiki wala nini. Mchango mkubwa ulikuwa wa hali ya hewa. Mimi kisa hiki hakinivunji moyo hata kidogo, kinanipa imani. Mganga gani mwingine mnayemjua anayerudi hadharani kusema ile dawa tuipime upya?

Na hapa kwetu kazi ya kutenganisha ni ngumu zaidi. Moshi wa magari hauji peke yake. Kuna jiko la mkaa, kuna kuni, kuna taka zinazochomwa jioni nyuma ya nyumba, kuna vumbi la barabara ambazo lami haijazifikia. Mama lishe anavuta wa jiko lake mbele na wa basi mgongoni. Ukimpima bila kumuuliza anapikia nini, umepima nini? Na kuna kifua kikuu. Hili nalisema kwa sauti: kikohozi kikifika wiki mbili, nenda kapime TB. Usikae kijiweni ukasema ni moshi tu. TB inatibika, na mtu mwenye TB kwenye Hiace iliyofungwa vioo anawaambukiza wenzake.

Tuje kwenye kupima kwenyewe. Kwa nini nang'ang'ania vipimo?

Kusini mashariki mwa London, karibu kabisa na barabara kubwa iitwayo South Circular, aliishi binti mmoja, Ella Adoo-Kissi-Debrah. Alikuwa na pumu kali, alilazwa zaidi ya mara 25 katika miaka mitatu hivi. Akafariki Februari 2013 akiwa na miaka tisa. Hewa haikutajwa. Mama yake, Rosamund, mwalimu, hakunyamaza. Desemba 2020 ofisa wa mahakama anayechunguza vifo akaamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha mtoto yule, na ukaandikwa miongoni mwa sababu. Uingereza haikuwahi kutokea. Waliwezaje? Kilomita moja na nusu hivi kutoka nyumbani kwao palikuwa na mashine ya kupima hewa. Profesa Stephen Holgate aliziweka kumbukumbu za mashine kando ya kumbukumbu za hospitali, akasoma zote mbili pamoja.

Na kama mashine isingekuwepo? Mama angelia, majirani wangesema ni mapenzi ya Mungu, faili lingefungwa. Watoto wa pumu Mwanza wako wangapi ambao faili zao zina ukurasa mmoja tu, wa hospitali?

Mashine kubwa ni ghali, sikatai. Lakini wenzetu ng'ambo ya ziwa hawakungoja. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kupitia mradi wa AirQo ulioanza 2015, walibuni vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyovumilia vumbi letu na umeme wetu wa kukatika. Wakavifunga kwenye nguzo na majengo. Wakavifunga na kwenye bodaboda! Mnasikia vijana? Anayebeba kipimo ni bodaboda, kwa sababu ndiye anayefika uchochoroni.

Kuna na njia ya zamani, ya kuchuja. Unachukua karatasi ya chujio, nyeupe, duara dogo, unaipima uzito kwenye mizani inayohisi hata vumbi. Unaifunga kwenye pampu ndogo ya kiunoni, bomba linakaa karibu na pua. Mtu anafanya kazi zake siku nzima. Jioni unaipima tena, tofauti ya uzito ndiyo chembe zilizonaswa. Nimewahi kushika moja iliyotoka kando ya barabara kuu. Katikati palikuwa peusi, na pembeni umebaki mzingo mweupe pale kifuniko kilipoibana. Mashine ilivuta hewa kidogo kuliko anayovuta mtu aliyesimama jirani.

Nairobi walipima kwa vichujio hivi Julai 2009. Pembeni mwa barabara katikati ya jiji, mchana wa siku za kazi, walikuta wastani wa kama mikrogramu 98 za PM2.5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Shamba, nje ya jiji, kama 11. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa siku usizidi 15, na wa mwaka usizidi 5. Vipimo vya mchana na vya siku nzima si kitu kimoja, lakini hata ukiwa mkali wa hesabu, 98 ni 98.

Na Mwanza tupime wapi? Hapa nitawaudhi baadhi ya wenzangu. Wavuvi mnajua kuliko sisi: mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Alfajiri, katikati ya zamu hizo mbili, hewa inasimama. Ubaridi umelala bondeni kati ya milima ya mawe, moshi hauna pa kwenda, na hapo ndipo magari yote yanawashwa na watoto wanaanza safari ya shule. Mtaalamu akiweka kipimo chake Capri Point saa nane mchana, upepo wa ziwa unampuliza shati, ataandika ripoti nzuri sana ya hewa ya Mwanza. Aje Buzuruga saa kumi na mbili asubuhi. Na asikifunge juu ya paa, akifunge usawa wa pua ya mtoto wa darasa la kwanza. Apime pia kwa kuondoka barabarani hatua kwa hatua, maana tafiti za nje zinaonyesha moshi wa barabara kubwa unawasumbua zaidi walio ndani ya mita 300 hadi 500. Kwetu, mita 300 kutoka Barabara ya Nyerere zina nyumba ngapi, shule ngapi?

Kuna atakayesema, tukishapima, ndiyo nini? Jamani, petroli mnayoweka leo haina madini ya risasi. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar kuiondoa risasi kwenye petroli, kwa sababu tafiti zilionyesha inaharibu ubongo wa watoto. Kufika 2006 ilikuwa imeondoka, na mwaka 2021 nchi ya mwisho duniani, Algeria, ikaacha kuuza petroli yenye risasi. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zikashusha salfa kwenye dizeli. Nani kati yenu aliandamana? Watu walipima, wakaonyesha, sheria ikabadilika.

Yaliyo mikononi mwenu mnayajua, nayapita haraka. Gari likiwa linapakia, zima injini. Chujio la hewa libadilishwe, nozeli zipimwe. Na yale masega ya kwenye egzosi, mafundi wanayotoa na kuuza, yanasafisha moshi. Ukiyatoa, unamgawia kila mtu wa stendi. Lakini sitamtupia suka mzigo ambao ni wa tajiri. Hesabu ya leo hainunui nozeli. Mwenye gari naye aitwe kwenye mkutano kama huu.

Namalizia na haki zenu, kwa kuwa watafiti watakuja, na wengine watakuwa wanafunzi wangu. Mtafiti wa afya akikufuata, muulize kwanza kibali: kwa Tanzania, utafiti wa afya unapitiwa na kamati ya maadili, iwe ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, au ya taasisi yenye mamlaka hayo. Akupe fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, uende nayo nyumbani ukaisome. Una haki ya kukataa. Una haki ya kukubali leo na kujitoa kesho, na usinyimwe matibabu kwa sababu hiyo. Muulize jina lako litakaa wapi na nani ataliona. Akikukuta na ugonjwa wakati wa kukupima, atafanya nini?

Na muulize swali ambalo wengi wetu tunalikwepa: majibu utatuletea lini? Si kwenye jarida la Kiingereza. Hapa, stendi, kwenye viti hivihivi. Akisema atawapigia simu, mwambieni aiandike tarehe kwenye fomu, mwenyekiti abaki na nakala.

Haya, maswali. Yule konda wa dirishani ameinua mkono kitambo, mpeni kipaza sauti.